Diski za Mwalimu

Mwalimu alipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo ilikwenda kwenye bati za nyumba na iliyobaki ikaenda kwenye Toyota Noah. Hakuitafuta kwa fahari. Mjini Iringa Noah ni mradi: asubuhi inapeleka watoto shule, Jumamosi inabeba wapambe wa harusi, na siku yoyote, bila taarifa, inakodiwa kupeleka watu msibani. Alikuwa amefundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wa zamani wametapakaa mji mzima, gereji zikiwemo. Ndiyo maana kila fundi aliyemharibia gari alimwamkia shikamoo kwanza.

Tatizo lilijitokeza akiwa anarudi kutoka Dar es Salaam, peke yake. Barabara kuu inapopita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kuna matuta, na dereva aliyejisahau kwenye 90 hulazimika kukanyaga breki za nguvu. Alipokanyaga, usukani ulianza kucheza mikononi, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa kasi. Akaachia pedali, ukatulia. Akakanyaga tena, ukacheza tena. Kadiri mwendo ulivyopungua ndivyo mitikisiko ilivyoachana, mpaka gari lilipokaribia kusimama akaweza kuihesabu mmoja mmoja.

Nusu ya jibu ilikuwa pale pale. Tairi ya gari la ukubwa ule husafiri karibu mita 2 kwa kila mzunguko. Kwenye 80 kwa saa, ambayo ni kama mita 22 kwa sekunde, gurudumu linazunguka mara 11 kila sekunde. Mtikisiko unaoongezeka na kupungua sambamba na mzunguko huo chanzo chake kiko kwenye kitu kinachozunguka na gurudumu. Na kama unatokea breki inapokanyagwa tu, basi kitu chenyewe ni kile kinachobanwa na breki, au kile kinachokishikilia. Hesabu ya kidato cha pili, ambayo Mwalimu aliifundisha kila mwaka. Lakini hesabu ya darasani na hesabu ya gari lako mwenyewe, ulilolinunua kwa kiinua mgongo, hazifanyiki kwa utulivu ule ule.

Alianzia kwa fundi wa matairi, akamwambia maneno mawili: gari linatetemeka. Hakusema linatetemeka lini. Fundi alifanya alichoombwa. Magurudumu yakapandishwa kwenye mashine, yakapachikwa vipande vya risasi kwenye rimu, Mwalimu akalipa na kuondoka. Gurudumu ambalo halijakaa sawa kwenye mizani hulitetemesha gari kwenye mwendo fulani, mara nyingi kati ya 80 na 110, breki ikanyagwe isikanyagwe. Huo si ugonjwa wa Noah ile, na dawa yake haikuigusa. Fedha hizo hazikuwa nyingi. Kilichomgharimu zaidi ni ule uhakika kwamba tayari ameshaanza kulishughulikia tatizo.

Fundi wa pili alikuwa na gereji kamili, yenye mtaro wa kukagulia na vijana watatu. Aliliendesha gari mpaka mwisho wa mtaa, akakanyaga breki mara moja, akarudi na hukumu:

"Diski zimepinda, Mwalimu. Tuzitoe zikachongwe, tuweke na pedi mpya."

Hukumu hiyo hutolewa karibu kila gereji duniani, na mara nyingi si kweli. Carroll Smith, mhandisi wa magari ya mbio wa Marekani, aliandika kwamba katika miaka yake yote kwenye mashindano, mahali ambapo breki huwaka mpaka diski zikawa nyekundu, hakuwahi kuona diski iliyopinda kweli. Kinachotokea ni kingine. Diski ni chuma cha kusubu, kinene na kigumu. Haipindi kirahisi, unene wake ndio unaoacha kuwa sawa. Upande mmoja unabaki mnene kidogo kuliko mwingine, na unene huo unapopita kati ya pedi unazisukuma kando, unapopita wembamba pedi zinabana chini ya hapo. Nguvu ya breki inapanda na kushuka kila mzunguko, na mkono wa usukani unaipokea yote. Tofauti yenyewe haionekani kwa macho. Sehemu mbili za mia za milimita zinatosha kuamsha usukani, na unywele wa kichwani una unene wa zaidi ya mara tatu ya hapo.

Tofauti hiyo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale diski ikiwa ya moto sana, dereva anasimama na kuendelea kukanyaga pedali: nyenzo ya pedi inagandamana kwenye chuma pale pale zilipobana, na doa hilo linabaki. Ya pili ni ya polepole. Diski ikikaa upande kidogo kwenye habu, yaani kitovu inapofungwa, hata kama yenyewe imenyooka, kila mzunguko inagusa pedi mahali pamoja hata wakati dereva hajakanyaga breki. Inalika hapo kidogo kidogo, kilomita baada ya kilomita. Baada ya kilomita elfu chache mtikisiko umeingia, na fundi anasema diski imepinda.

Diski za Mwalimu zilichongwa, pedi zikawekwa mpya, na usukani ukatulia tuli. Alimsifu fundi yule kwa kila mtu. Msimu wote wa mvua alipanda na kushuka bila shida, na ilipofika Pasaka mtikisiko ukarudi.

Hapa ndipo ningependa msomaji mwenye gari apunguze mwendo. Tengenezo lisilofanya kazi kabisa lina nafuu yake, kwa sababu unajua siku hiyo hiyo kwamba hujapona. La hatari ni tengenezo linalofanya kazi kwa miezi kadhaa. Mtikisiko ulikuwa shahidi. Alikuwa akisema kuna kitu kinaziharibu diski. Kuzichonga kulimnyamazisha shahidi na kumwacha mhalifu ndani ya nyumba. Tena kukamsaidia, maana diski iliyochongwa imepunguzwa chuma, na chuma kidogo hupata moto haraka zaidi.

Gari liliporudi gereji, fundi hakushtuka. Alisema chuma cha diski zile kimechoka, sasa ni kununua mpya. Mwalimu akaleta pea mpya ya bei nafuu, pamoja na pedi, na kwa bahati siku hiyo alikuwepo wakati wa kuzifunga. Alisimama karibu kabisa na gurudumu la kushoto na kuona kila kitu bila kujua anachokiona. Kijana aligonga diski ya zamani kwa nyundo, ikang'oka na kumwaga unga wa kutu kwenye sakafu. Nyuma yake, uso wa habu ulikuwa na magamba ya kutu, mengine yameinuka ukingoni. Magari mengi tunayoyaendesha yalianza maisha Japani, na yaliyotumika kule kaskazini, Hokkaido, yamekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani kupambana na theluji na barafu. Kijana akapitisha tambara mara moja, akapachika diski mpya juu ya magamba yale, akarudisha gurudumu. Nati tano akazikaza kwa kuzifuata moja baada ya nyingine kwa mzunguko, kisha akasimama kwa miguu miwili juu ya mkono wa spana, kila nati, akirukaruka kidogo ili kuwa na uhakika.

Kwenye magari mengi ya Toyota ya aina ile nati za magurudumu zinatakiwa kukazwa kwa nyutonimita 103. Kwa spana yenye mkono wa nusu mita, hiyo ni nguvu ya kusukuma kwa mkono kama unabonyeza mzigo wa kilo 21. Kijana wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana hiyo anafikisha zaidi ya 340, mara tatu ya kinachotakiwa, na hapo sijahesabu kuruka. Nati moja ikibanwa hivyo na jirani yake isibanwe vile, diski inavutwa upande. Bunduki ya upepo mikononi mwa mtu mwenye haraka inafanya vivyo hivyo, kwa kelele zaidi tu.

Mtikisiko uliondoka tena. Safari hii utulivu haukufika hata miezi miwili.

Uliporudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo, Mwalimu alifanya jambo ambalo wenye magari wengi hulifanya, nalo ndilo baya kuliko yote aliyofanya: aliuzoea. Alijifunza kukanyaga breki mapema na taratibu. Alijua kushika usukani kwa nguvu kidogo kwenye mteremko wa Ipogolo. Aligundua kwamba gari linavuta kidogo kulia, akawa analirudisha kushoto bila hata kufikiri. Abiria wakiuliza, aliwajibu kwamba gari la mtumba lina tabia zake. Jioni moja, akipita upande wa dereva kwenda kufunga geti, alihisi joto likitoka kwenye gurudumu la mbele la kulia. Akapita.

Kisha ukaja msiba wa Ruaha Mbuyuni.

Kutoka Iringa kwenda huko unapita Ilula, kwenye matenga ya nyanya kando ya lami, halafu barabara inafika ukingoni mwa nyanda za juu na kuanza kushuka Kitonga. Kila dereva wa barabara ya Zambia anaijua: kona juu ya kona, malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na malori yanayoshuka yakinukia breki. Kanuni ya madereva wa zamani ni kwamba unashuka kwa gia ile ambayo ungeitumia kupanda. Noah ile ilikuwa ya gia za kujiendesha, na wengi husahau kwamba nayo ina namba 2 na herufi L kwa kazi hiyo. Mwalimu aliiacha kwenye D. Injini ikilia, abiria huanza kuulizana, na hawa walikuwa wafiwa; hakutaka kuwabughudhi.

Gari lenye watu wanane na mizigo ya msibani lina uzito wa kama tani 2. Kila mita 100 linazoshuka kwa wima, kama mwendo unazuiwa na breki peke yake, breki hizo zinapokea joto linalotosha kuchemsha karibu lita 6 za maji yaliyochotwa bombani. Kitonga si mita 100. Na Noah ya Mwalimu ilikuwa na lake la ziada: breki ya mbele kulia haikuwa inaachia kabisa hata mguu ukiondoka kwenye pedali. Ilianza kuunguza tangu Ilula.

Katikati ya mlima mama mmoja wa kiti cha nyuma alisema, "Mwalimu, kuna kitu kinaungua."

"Ni lori la mbele, mama."

Kona mbili baadaye pedali ilianza kuwa laini. Kona ya tatu ikaenda chini mpaka kwenye zulia na hakukuwa na breki. Mwalimu akapampu haraka haraka, akapata kiasi kidogo, akarudisha gia kwenye L, injini ikapiga kelele, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo na kuliegemeza gari kwenye mtaro wa kushoto. Ubavu ulikwaruza mawe kwa urefu wa nyumba, tairi ya mbele ikapasuka, gari likasimama likiwa limeinama. Yule mama wa kiti cha nyuma alivunjika mkono. Wengine walitoka na michubuko.

Kilichofuata kilimuumiza Mwalimu kuliko mtaro. Watu walikusanyika, na baada ya kama nusu saa kijana mmoja akaingia kwenye kiti cha dereva na kukanyaga pedali. Ilikuwa ngumu, imesimama juu, breki nzima kabisa. Alitoka akiwatazama wenzake, na minong'ono ikaanza kwamba mzee alisinzia.

Hakusinzia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo tabia yake, hata chupa ikiwa imefungwa ndani ya gari mwaka mzima bila kuguswa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205. Yakishanyonya maji kufikia karibu asilimia 4, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Noah ile haikuwahi kubadilishwa mafuta hayo tangu ishuke melini. Breki iliyokuwa inaungua ilipoyachemsha, mvuke ukajaa ndani ya kalipa inayobana pedi, na mvuke unabonyezeka. Mguu unasukuma, mvuke unajikunja, pedi hazibani. Breki zikipoa mvuke unarudi kuwa majimaji na pedali inasimama kama hakuna kilichotokea. Anayelifikia gari baada ya nusu saa hana ushahidi wowote.

Noah ilivutwa mpaka Ipogolo, na safari hii Mwalimu aliipeleka kwa mzee mmoja ambaye wenye gereji kubwa humcheka kwa upole wake. Mzee huyo alifanya kazi kwenye karakana za KAMATA, enzi ambazo mabasi ya taifa yalikuwa na daftari la kila gari na kila nati. Hakuanza na spana.

"Kamwene, Mwalimu. Pole sana. Kabla ya kugonga mtaro, lilikuwa linakutetemesha wapi: mkononi, makalioni, au mguuni?"

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mzee hakuwa anatania. Mtikisiko wa mkononi, yaani kwenye usukani, unatoka magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti na sakafu, nenda nyuma, kwenye dramu au diski za huko. Ukiwa kwenye barabara tupu na mwendo mdogo, vuta breki ya mkono taratibu, kitufe umekibonyeza ili uweze kuiachia papo hapo, na kama mtikisiko unakuja basi umeupata. Ukiwa mguuni, pedali inapanda na kushuka, ni unene wa diski usio sawa au dramu iliyopoteza mviringo. Ila pedali inayotetemeka kwa kasi pale tu unapokanyaga kwa nguvu zote kwenye vumbi au utelezi ni ABS inafanya kazi yake, hiyo usiitafutie dawa. Akauliza na mengine: linaanza asubuhi likiwa la baridi au mpaka lipate moto? Linavuta upande? Mara ya mwisho nati zilikazwa na nani, kwa kifaa gani? Swali la nati haliachi kamwe, kwa sababu gurudumu lililolegea nalo hutikisa, na hilo halisubiri kesho.

Akapiga jeki. Alilishika gurudumu juu na chini akalitikisa, kisha kulia na kushoto, sikio likiwa karibu, akitafuta beringi iliyolegea, boljointi au tairodi. Bushi moja ya mkono wa chini ilikuwa imeanza kupasuka. Alisema bushi mbovu haizai mtikisiko huu, inaukuza tu, na akaiandika.

Kwenye gurudumu la kulia hakuhitaji muda mrefu. Alizitoa pedi mbili za kalipa ileile na kuziweka mkononi mwa Mwalimu. Ya ndani ilikuwa imekwisha karibu na bati lake. Ya nje ilikuwa nene, kama vile imewekwa juzi. Kalipa ya aina ile ina pistoni upande mmoja tu. Inapobana pedi ya ndani, mwili wote wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje. Pini moja ilikuwa imekauka na kushika kutu, nyingine imejaa grisi ya kawaida ya beringi iliyovimbisha mipira yake. Kalipa haikuwa inateleza. Pedi ilikuwa inaburuza diski mchana na usiku. Fundi wa gereji kamili alibadilisha pedi hapo mara mbili, na mara zote mbili alizishika pedi hizo mbili zisizolingana mkononi mwake.

Upande wa kushoto ndiko mzee alikochelewa, na nadhani alichelewa kwa kusudi, kwa kuwa alijua anaongea na mwalimu. Aliifunga diski kwa nati zote, akasimamisha geji ya mshale, ile yenye uso wa saa ambao kila kijistari chake ni sehemu moja ya mia ya milimita, ncha yake ikigusa diski karibu na ukingo. Akaizungusha kwa mkono. Mshale ukaenda na kurudi vijistari kumi na vitatu. Kipimo cha juu kinachokubalika kwenye magari mengi madogo ni vitano.

"Imepinda?" Mwalimu aliuliza.

Mzee aliing'oa diski na kuikagua, kisha akasugua habu kwa brashi ya waya na msasa, uso wote na kuzunguka kila bolti, mpaka chuma kikaonekana. Diski ileile ikarudi mahali pake. Mshale sasa ulicheza vijistari vitatu. Kisha akachana kipande cha karatasi kutoka kwenye daftari lake, kidogo kuliko ukucha, akakiweka ukingoni mwa habu na kuifunga diski juu yake. Mshale ukaruka kupita ishirini.

Mwalimu aliomba kalamu. Karatasi ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Habu ina kipenyo cha kama milimita 140, diski karibu maradufu ya hapo, kilichoinuka 0.1 ukingoni mwa habu kinakuwa karibu 0.2 ukingoni mwa diski. Mara nne ya kinachoruhusiwa, kwa kipande cha karatasi. Alikaa akiiangalia hesabu hiyo kwa muda. Gamba la kutu alilolishuhudia siku ile gereji halikuhitaji hata kuwa nene kuliko karatasi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Pini za kulia zikang'arishwa, mipira mipya, grisi maalumu ya breki isiyovimbisha mpira. Pistoni ikasukumwa ndani kwa mkono kuhakikisha inarudi bila kugoma. Mafuta ya breki yote yakatolewa, yalikuwa meusi, yakawekwa mapya na hewa ikatolewa gurudumu kwa gurudumu. Mzee alisema arudi kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hata kama gari limelala. Bushi ikabadilishwa. Diski ya kulia ilikuwa na madoa ya bluu na nyufa ndogo za moto, haifai tena, na kwa kuwa diski hubadilishwa kwa pea, zote mbili zilitoka. Mpya zilipofungwa, mzee alizipima nazo kwa geji. Nati alizikaza kwa msalaba, kwa hatua, na kumalizia na spana ya kipimo, akamwagiza arudi baada ya kilomita 100 zikazwe upya.

Kisha wakaenda barabara ya Mafinga kuzizoesha breki. Kwenye 60 mzee alimwambia akanyage kwa uimara mpaka karibu na 10, aachie, aongeze mwendo, akanyage tena, kama mara kumi, bila kusimama kabisa hata mara moja ili pedi zisiache doa kwenye chuma cha moto. Halafu waliendesha bila breki kwa muda mpaka zikapoa. Ukitoa diski, malipo yote ya mzee, pamoja na mafuta na mipira, hayakufikia walichotoza gereji kwa kuchonga peke yake.

Zimebaki zile diski za kwanza kabisa, zilizokuja na gari. Mzee alimuuliza zilikuwa na unene gani zilipotolewa, kwa maana kiwango cha chini huwa kimeandikwa kwenye diski yenyewe, na diski iliyo juu ya kiwango hicho haina sababu ya kutupwa. Mwalimu hakujua, hakuna aliyezipima. Alirudi gereji kuziulizia, akaambiwa zimeshauzwa kwa kijana mmoja wa Kihesa mwenye Noah kama yake. Alimtafuta mpaka akampata. Akaomba kuliendesha gari lake mara moja tu, akashuka nalo mteremko wa Ipogolo akikanyaga breki kila baada ya mita mia, za nguvu, za taratibu, mpaka zikapata moto. Usukani haukucheza hata kidogo.

"Kuna tatizo, Mwalimu?" kijana aliuliza.

Mwalimu akamuuliza nani alimfungia diski hizo, na kama alisugua habu kwanza. Kijana alisema alizifunga mwenyewe, nyumbani, na kwamba ilimchukua asubuhi nzima kwa sababu kutu ilikuwa nyingi na msasa ulimwishia.